Mkono wa Kijana Mkutanoni

Kijana wa kijijini akitimiza miaka 18 huhimizwa akachukue kadi ya kupigia kura. Ni vema. Lakini kura ya Rais na Mbunge huja kila baada ya miaka mitano, na kijiji hakilali muda wote huo. Sheria ya mwaka 1982 yamhesabu kila mkazi wa umri huo kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Haikutaja ndevu wala ndoa. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Basi ekari za kesho zaweza kutolewa alasiri moja, vijana wakiwa kijiweni wakibishania mpira.

Mpwa wangu aliniambia, “Mjomba, mikutano ni ya wazee.” Sikumhubiria; nilimwuliza atalima wapi akioa. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza iwapo kijana huruhusiwa kunyosha mkono kumpinga baba yake. Nikamjibu kwamba huruhusiwa, na mikono yote miwili huhesabiwa sawasawa.