Nilidhani Nimetukaniwa Mama!

Msomaji wangu, nusura nimwage unga siku moja hapa Dodoma, na chanzo ni maneno mawili tu.

Nilikuwa fundi uashi kwenye saiti moja ya Wachina, nje kidogo ya mji. Siku hiyo nilikuwa najenga huku akili iko kwingine, timazi nimeitupa pembeni. Bosi akaja, akautazama ukuta wangu, akatikisa kichwa: "Mama huhu!"

Weee! Mama yangu kaingiaje kwenye tofali? Nikaangusha mwiko, nikakunja ngumi. Washkaji wakanidaka. Bahati nzuri palikuwa na dada mmoja mkalimani, aliyesoma Kichina kwenye Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyoanza mwaka 2013. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kaka, tulia. Hajamgusa bi mkubwa. Hizo ni herufi nne za Kichina: ma ma hu hu. Farasi farasi, simbamarara simbamarara. Maana yake kazi ya hovyo hovyo, ya bora liende."

Kumbe mama kwao ni mama kama kwetu, ila sauti ndiyo inayotofautisha. Ya mama iko juu, ya farasi inazama kisha inapanda. Sikio langu la Kondoa lingejuaje?

Mchana, kwenye wali maharage, akanipa darasa. Sisi tukirudia tunarudia neno zima: pole pole, hovyo hovyo. Mchina anachukua neno la herufi mbili, kila herufi anairudia palepale ilipo, na maana inakolea. Gaoxing ni furaha. Gaogao xingxing ni furaha tele. Renzhen ni umakini. Renren zhenzhen ni umakini wa kweli kweli. Ping'an ni salama. Pingping an'an ni salama salimini.

Ukuta nikaubomoa, nikaujenga upya. Lakini usiku, kwenye chumba changu cha kupanga Nkuhungu, usingizi ukagoma. Yaani nilitaka kupigana kwa ajili ya mama ambaye miaka miwili sijamwona! Kondoa si mbali, kilometa kama 160, tena lami tupu. Mimi kazi yangu kutuma vijihela kwa simu, shikamoo ya haraka haraka, nakata. Kama kuna mtu aliyemfanyia mama yangu mama huhu, ni mimi.

Jumamosi nikapanda basi. Nikamkuta uani anachambua mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

We acha tu. Swali hilo lilinichoma kuliko neno la yule bosi. Nikakaa siku mbili, nikamjengea upya ukuta wa jiko uliokuwa na ufa, timazi mkononi. Renren zhenzhen.

Nawe msomaji, mzazi wako umemwona lini? Nenda, urudi pingping an'an.