Dereva wa Lori la Maji katika Spring Valley

Mgeni akiulizwa ni wapi maji huuzwa kwa lori, yaelekea atataja jangwani. Hataitaja Nairobi, mji ambao jina lake limetoka katika lugha ya Wamasai, na maana yake ni maji baridi. Wala hataitaja Spring Valley, yaani Bonde la Chemchemi. Hata hivyo, malori ya maji, ambayo watu huyaita maboza, ni jambo la kawaida katika bonde hilo.

Mtu akitoka katikati ya mji kwa Waiyaki Way hufika Westlands, kisha hushika Lower Kabete Road au Peponi Road. Nchi ya huko si tambarare. Ni migongo na mabonde, na kila bonde lina kijito chake. Zamani pande hizo zilikuwa na mashamba ya kahawa na nyumba chache za Wazungu zenye viwanja vikubwa. Siku hizi, katika viwanja vingi vya namna hiyo yamesimama majumba ya ghorofa, na palipokaa jamaa moja sasa zinakaa nyingi.

Serikali haikukaa bure. Bwawa la Sasumua lilimalizika mwaka 1956, na la Ndakaini, liwezalo kuweka mita za ujazo milioni 70, likamalizika mwaka 1994. Lakini mji umekua upesi kuliko mabomba. Mvua zilipopungua, mwaka 2017 maji yalianza kugawanywa kwa zamu. Bomba likikauka, mwenye nyumba humwita dereva wa boza, naye huenda kujaza tangi lake kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine.

Kazi hiyo si nyepesi kama wengi wadhanivyo. Lita 10,000 za maji zina uzito wa tani 10, sawa na magunia 111 ya mahindi ya kilo 90. Tena magunia hufungwa kwa kamba yakatulia, lakini maji hayafungiki. Dereva akikanyaga breki, maji hukimbilia mbele na kulisukuma lori. Akikata kona, huenda upande mmoja na kuliinamisha. Kwa hiyo mafundi hutia ndani ya tangi kuta za chuma zenye matundu, ili kupunguza nguvu za mawimbi hayo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba tangi lililojaa nusu laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa kabisa, kwa maana maji yamepata nafasi ya kucheza. Dereva aliyemwaga nusu ya mzigo katika nyumba ya kwanza, kisha akateremka bondeni kwenda ya pili, asidhani kwamba lori limekuwa jepesi. Na atie gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, asitegemee breki peke yake. Breki zikipata moto sana hupoteza nguvu.

Wenzao wanaochukua petroli wana hatari zaidi. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Lori la maji halilipuki, lakini likishindwa kusimama mteremkoni laua vilevile.

Mwenye lori humtaka dereva azidishe safari, na mwenye nyumba hulalamika kwamba maji yamechelewa. Wote wawili wangefaa kufahamu kwamba mwendo wa lori hilo huamriwa na maji yaliyomo ndani, wala si na saa ya mtu. Mwenda pole hajikwai, na katika miteremko ya Spring Valley dereva aendaye pole hujilinda nafsi yake na wale waendao kwa miguu kando ya barabara.