Hawakufa kwa Baridi

Ndege wangu wawili niliwaua mimi mwenyewe, kwa kikaango cha mayai. Kisha nikamwambia binti yangu kwamba ni baridi ya Julai iliyowamaliza. Naungama leo kwa sababu uongo ule umenikaa rohoni, na kwa sababu najua nyumba nyingi za Kilimani, Kileleshwa na Lavington, hapa Nairobi, zina tundu la ndege sebuleni na kikaango kama changu juu ya gesi.

Walikuwa cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho. Kwao ni kaskazini mwa Tanzania, na siku hizi utawaona pia Naivasha, wazao wa ndege wa kufugwa waliotoka matunduni. Mmoja ana uzito wa gramu 50 hivi. Fleti yetu ni kama nyingi za Kilimani: jiko na sebule ni chumba kimoja, katikati kuna kaunta tu. Tundu lilikuwa ng'ambo ya kaunta hiyo.

Asubuhi moja nilikiweka kikaango motoni kikiwa kitupu, kile cheusi ambacho chakula hakishiki. Simu ya kazini ikalia, nikatoka nayo roshani. Niliporudi sikukuta moshi wa kutisha, na mimi sikukohoa hata kidogo. Ndege mmoja alikuwa ameshaanguka. Wa pili alikuwa sakafuni mwa tundu, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Sikuwahi hata kumfikisha mlangoni.

Nilikishuku kikaango papo hapo. Ndiyo maana nilikiosha na kukificha kabla binti yangu hajarudi kutoka shule. Yeye alikuwa amesahau dirisha wazi usiku uliotangulia, na nilipotaja baridi, akajilaumu. Sikumkanusha. Majuma yaliyofuata alikuwa akifunga madirisha kila jioni, kisha anarudi kuyakagua kabla ya kulala, nami namtazama nimenyamaza. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Daktari wa mifugo aliyewapasua alikuta mapafu yamejaa damu na maji. Aliniuliza ninapikia nini. Utando mweusi wa kikaango kile ukipata moto wa zaidi ya nyuzi joto 260 hivi huanza kuvunjika na kutoa gesi, na kikaango kitupu juu ya gesi hufika huko kwa dakika chache tu. Mtu akiivuta sana anaweza kupata homa ya siku moja au mbili. Ndege hufa.

Kosa lilikuwa limeanza zamani. Nyumbani kwa nyanya, kuku walilala jikoni kwenye moshi wa kuni na asubuhi wakatoka wazima, nikakua nikiamini kwamba ndege ni wa kuvumilia moshi. Sikufikiria kwamba jiko lile lilikuwa na upenyo chini ya paa, wala kwamba sumu hii ni nyingine kabisa. Nilijua kununua mtama na kubadilisha maji. Kifua cha ndege sikukijua.

Mapafu yetu hujaa na kupungua, na kila tukipumua hewa kuukuu hubaki ndani. Ya ndege hayatanuki. Ni madogo, yameshikana na mbavu za mgongoni, na yanahudumiwa na vifuko vya hewa, kwa kawaida tisa, vilivyotandaa kifuani na tumboni hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Hewa anayoivuta huenda kwa wingi kwenye vifuko vya nyuma. Akitoa pumzi, ndipo inapopita mapafuni. Pumzi ya pili huipeleka vifuko vya mbele, kisha inatoka. Kwa hiyo mapafu yake hupata hewa mpya anapovuta na anapotoa, na ukuta unaotenga hewa hiyo na damu ni mwembamba kuliko wetu. Hewa safi ikiingia, anafaidi kutushinda. Sumu ikiingia, nayo hufuata njia hiyo hiyo.

Kwa mapafu ya namna hii tumbusi wa Rüppell aliweza kupaa hadi mita 11,300 hivi juu ya Abidjan, ambako aligongana na ndege ya abiria mwaka 1973. Na wala elimu hii haikuwa mbali nami. Profesa John Maina, Mkenya aliyefundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miongoni mwa wajuzi wakubwa duniani wa mapafu ya ndege. Mwaka 2005 alitoa kitabu kizima juu ya mapafu na vifuko hivyo. Idara ya anatomia hiyo iko Chiromo. Nilipita hapo kila siku nikienda kazini mjini.

Nilijifunza pia kwamba ndege hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama sisi. Kidari chake lazima kisogee mbele na nyuma. Binti yangu aliwahi kumbana mmoja kifuani kwa mapenzi, nami nikacheka. Angeweza kumkosesha pumzi. Ndege hushikwa shingoni na kichwani kwa vidole, kifua kikiachwa huru. Na mkia unaopanda na kushuka ndege akiwa ametulia ni dalili ya kukosa pumzi: mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, maana ndege huficha ugonjwa hadi nguvu zinapomwishia.

Binti yangu nimemweleza yote. Alilia, akaniuliza kwa nini nilimwacha ajilaumu, na jibu la kumridhisha sikuwa nalo. Nilimwomba msamaha.

Wewe mwenye ndege, kitoe kikaango hicho nyumbani leo, upikie sufuria ya kawaida. Kagua pia pasi na hita, kwa kuwa baadhi zina utando uo huo. Jiko la makaa, dawa ya mbu ya kupuliza na udi visiwe katika chumba alimo ndege. Kama jiko na sebule yako ni chumba kimoja, lihamishie tundu chumba cha kulala na ufunge mlango kabla hujawasha moto.