Jogoo wa Akko

Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2022, ambao ungekuwa wangu wa kwanza, nilimuuliza Akko, nyanya yangu, swali lililonikera tangu shuleni: ilikuwaje akaipigia KANU kura 1992, wakati vyama vingine vilikuwa vimesharuhusiwa?

Nilijua yaliyompata. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali ya KANU iliwafungia watu wa Isiolo kambini, Garbatulla na Merti. Mifugo ikapigwa risasi, mingine ikanyang'anywa. Sisi Waborana tunauita wakati huo Daaba. Kwao Akko hawakubaki hata na mbuzi. Halafu 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga waliofanya hayo wasishtakiwe.

"Unadhani nilisahau?" Akko akaniuliza, akikoroga chai. "Nilimpigia jogoo kwa sababu nilikumbuka."

Akanieleza. Kura ni siri, lakini kituo kina jina. Sanduku la kijiji chenu likijaa kura za upinzani, mtaulizwa tena kama nyinyi ni Wakenya ama ni shifta. Jogoo alikuwa kama kipande cha pili.

Nilinyamaza. Mimi nilidhani historia ya chama ni deni: aliyekukosea unamnyima kura. Kumbe yeye aliisoma kama onyo la kile ambacho kinaweza kurudi.

Nikajitetea kwamba siku hizi mambo ni tofauti, KANU imeisha nguvu. Akauliza nani wanataka urais. Nikamtajia Ruto na Raila. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Wote wawili wamewahi kuwa katibu mkuu wa KANU: Raila 2002, Ruto miaka michache baadaye.

"Jogoo amebadilisha manyoya tu," akasema.

Chama nilichokitaka mimi hakikuwa hata na miaka miwili. Kilikuwa kisafi kwa sababu kilikuwa kipya, lakini waliokiunda hawakuwa wapya. Huku kwetu chama hufa kabla hujakidai, na wenyewe wanahamia kingine.

Tarehe 9 Agosti nilimshika Akko mkono hadi kituoni. Alipotoka na wino kidoleni, nikamuuliza amempigia nani.

"1988 tulipanga mlolongo nyuma ya mgombea, kila mtu akituona," akasema. "Leo niachie siri yangu."

Yangu pia sijamwambia.