Maswali ya simu yanayowafungia mlango waliohama

GOMA – Swali lilikuwa fupi: «Kaya yako ina watu wangapi?» Mama mmoja aliyekimbia kutoka teritware la Rutshuru, anayeishi sasa kwa shemeji yake upande wa magharibi wa mji, aliangalia simu ya kijana wake, akamuuliza: «Kaya ni kitu gani?» Kijana amesoma, lakini amesoma kwa Kifaransa. Akajibu pengine ni nyumba. Mama akacheka. Nyumba ni ya shemeji, yeye hana nyumba. Wakaandika 0. Simu ikakataa, ikatoa maandishi mekundu kwamba namba haifai. Wakaandika 1. Simu ikakubali, wakaendelea.

Kila jioni mama huyo anapikia watu 7.

Link ya maswali ilipita kwenye makundi ya WhatsApp ya waliohama, ikisema kwamba majibu yatasaidia kupanga msaada. Ikiwa msaada utafuata majibu hayo, mama atahesabiwa kama mtu mmoja. Hakuna aliyedanganya. Aliyeandika maswali alitumia neno safi la Kiswahili, neno ambalo ofisi za Dar es Salaam hulitumia kila siku. Goma watu husema menaji, au familia. Na kama mtu anataka kuepuka shida kabisa, kuna swali ambalo hata bibi wa kijijini atalijibu bila kuuliza mjukuu: «Ni watu wangapi wanakula kwenye chungu kimoja na wewe?»

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Kongo haijafanya hesabu ya watu wote wa nchi tangu 1984. Hakuna daftari ambamo shirika linaweza kuangalia ili kujua mama huyu ana watu wangapi. Kinachojulikana juu yake ni kile alichojibu, na alichojibu kinategemea namna alivyoulizwa.

Swali lililofuata lilikuwa baya zaidi: «Je, wewe ndiye mkuu wa menaji?» (Hapo neno menaji lilitumiwa, ajabu.) Mama akajibu hapana. Mkuu ni mume wake, na mwanamke mwenye heshima hawezi kuandika vingine. Lakini mume alibaki nyuma vita vilipofika, na hana habari zake tangu wakati huo. Alipobonyeza «Hapana», ukurasa ukamshukuru na kufungwa. Yaani maswali juu ya chakula, maji, dawa na watoto yaliwekewa njia ya mkuu peke yake. Aliyepanga alidhani asiye mkuu atamwita mkuu aje ajibu. Hakufikiria nyumba ambazo mkuu hayupo, na katika Kivu ya Kaskazini nyumba hizo ni nyingi mno. Ingefaa kuuliza: «Ni nani anaamua mambo ya chakula nyumbani kwa siku hizi?» Halafu kuendelea na yeyote aliye mbele ya simu.

Njia hizo za kuruka maswali si mbaya zenyewe. Asiye na mtoto mchanga hana sababu ya kuulizwa juu ya maziwa. Programu kama KoboToolbox, ambayo mashirika mengi hutumia hapa, inaruhusu swali moja lifungue au lifunge mengine, na hilo linapunguza uchovu. Shida ni kwamba kila njia inayofungwa inapaswa kujaribiwa na watu wa kweli kabla ya link kutumwa. Akina mama watano na wazee wawili, simu mikononi mwao, mpangaji amekaa pembeni na kunyamaza. Neno «kaya» lingeanguka siku ileile ya kwanza.

Kuna pia majina. Mkongomani ana jina, postinomu na prenomu, na kwenye kadi ya uchaguzi vyote vitatu vinaonekana. Maswali mengi yanayotengenezwa mbali yana visanduku viwili tu: jina la kwanza na jina la mwisho. Mmoja anaandika prenomu na jina, mwingine jina na postinomu, na wa tatu anaandika jina la mtoto wake wa kwanza kwa sababu ndilo watu wanamwitia. Siku ya kugawa jetoni, anayeshika orodha anasoma, kadi inasema kingine, na mtu anarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kusimama kwenye jua tangu asubuhi. Visanduku vitatu, na juu yake maneno «andika kama kwenye kadi yako; kama huna kadi, andika jina ambalo majirani wanakujua nalo», vingemaliza kelele nusu.

Na wale wasio na kadi? Wengi walikimbia bila kubeba kitu. Swali la namba ya kadi likiwekewa nyota nyekundu, maana yake mtu hawezi kupita bila kulijibu. Basi anaandika 12345, au namba ya jirani, au anaacha. Nyota hizo zitumiwe kwa uchoyo. Kwenye maswali yanayogusa aibu au hatari, kama mambo ya ubakaji, au mtu alikimbia nani, lazima kuwe na jibu la «Sitaki kusema», na pia «Sijui». Maswali ya namna hiyo hayafai kuwekwa mwanzoni, na mengine hayafai kabisa kwenye simu ambayo nyumba nzima inaishika. Simu ya mama huyu ni ya kijana wake. Ni mama gani atajibu mambo hayo huku mtoto wake anasoma?

Mahali pa kuishi ni tatizo lingine. Baada ya vita kuingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, kambi kubwa kama Bulengo na Lushagala zilivunjwa mwezi wa Februari. Watu wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa familia zilizowapokea, wengine wanazunguka. Swali linalosema «Chagua kambi yako» bila mstari wa «mahali pengine» linamfuta mtu. Orodha ya majibu inazeeka haraka kuliko maswali yenyewe.

Upande wa simu, mambo ni rahisi kueleza. Mega zinanunuliwa, na kuranti si ya kila siku. Maswali yenye picha nzito na meza pana za safu kumi hayasomeki kwenye kioo kidogo. Swali moja kwa kila ukurasa linatosha. Mwanzoni kuandikwe ni maswali mangapi na yatachukua dakika ngapi. Google Forms inadai rezo ili majibu yaondoke. KoboToolbox inaweza kuyahifadhi ndani ya simu mpaka rezo irudi.

Maswali ya chakula huuliza juu ya siku 7 zilizopita, na ni sawa, lakini kwa mtu aliyepoteza hesabu ya siku ni afadhali kuongeza kitu anachokishika: «tangu siku kama ya leo ya juma lililopita». Na swali moja liulize jambo moja. «Je, mnapata maji na dawa ya kutosha?» Yule mwenye maji bila dawa atajibu nini?

Kwa wasiojua kusoma, kuna njia ambayo wapangaji wengi wanaisahau: KoboToolbox inakubali sauti kwenye kila swali. Mtu anabonyeza, anasikia swali kwa Kiswahili cha hapa, au Kinyarwanda, Kihunde, Kinande. Inahitaji mtu mwenye sauti nzuri, chumba kisicho na kelele, na nusu siku ya kazi. Redio za mitaa zina vyote vitatu.

Wasikilizaji wanaopokea link kama hizo wana haki ya kuuliza ni shirika gani, majibu yanaenda wapi, na ni namba gani ya kupiga ili kusahihisha kosa. Ukurasa usiosema hayo mwanzoni unaweza kuachwa bila woga. Kuandikwa hakulipiwi, na hakuna swali la kweli la msaada linalodai namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Aliyeandika 1 badala ya 7 aipige namba hiyo mapema, kabla orodha haijafungwa.