Mbunge Wetu Ana Miswada Mingapi?

Nilipofika Minnesota kutoka Kisii, mwishoni mwa miaka ya tisini, aliyetaka kujua mbunge wake wa jimbo amewasilisha nini alipiga simu idara ya faharasa ya Baraza la Wawakilishi, au alifunga safari hadi jengo la Capitol, Saint Paul, akaomba nakala kwa karani. Wengine tulisubiri Session Weekly. Jarida hilo lilitolewa na Baraza lenyewe wakati wa kikao, na aliyeliomba aliletewa kwa posta bila kulipa senti.

Nilizoea kulianzia nyuma. Mbele kulikuwa na habari na picha za waheshimiwa wakinyoosheana vidole; nyuma ndiko kulikoorodheshwa miswada iliyosomwa mara ya kwanza. Herufi HF na nambari, jina la mbunge, chama chake, kamati iliyokabidhiwa, na maelezo makavu ya mstari mmoja. Wakati huo nilifanya zamu ya usiku katika nyumba ya kuhudumia watu wenye ulemavu, Brooklyn Park, kazi ambayo Wakenya wengi ninaowajua huku wamewahi kuifanya. Saa nane za usiku, wote wakiwa wamelala na nguo zikizunguka kwenye mashine, nilitandaza jarida mezani na kulisaka jina moja tu kwa kalamu ya manjano. Kila nilipolikuta, nambari iliingia kwenye daftari.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mwalimu mstaafu, mlezi wa chama chetu cha kusaidiana. Wengi wetu hatukuwa raia bado na hatukupiga kura, lakini yeye alishikilia kwamba mbunge ni wa kila anayeishi katika eneo lake.

"Mwanangu," aliniambia, "siku tukienda kumwona huyo mheshimiwa nataka kujua ameleta nini. Aliyoyasema tumeshayasikia."

"Sawa, Mwalimu. Nihesabu na ile aliyotia jina tu?"

"Kwani ipo ya namna hiyo?"

Ipo, tena tele. Katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota mswada mmoja unaweza kubeba majina hadi 35. Seneti inaruhusu matano. Jina la kwanza ni la mdhamini mkuu, mwenye mzigo wa kuutetea kwenye kamati. Waliobaki huenda wamejiunga kwa imani, kwa urafiki, au kwa sababu uchaguzi wa Novemba umekaribia. Nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto yake mwenyewe, kulia ya kuunga mkono. Kulia kulijaa upesi. Mwalimu alisoma kushoto peke yake.

Habari ya kompyuta haina haja ya kurefushwa. Chuo Kikuu cha Minnesota ndicho kilichobuni Gopher mwaka 1991, mfumo wa kusakia nyaraka mtandaoni kabla wavuti haijatamalaki, na Bunge la jimbo halikukawia kuweka miswada yake hadharani. Mimi niliikuta wavuti tayari, kwenye kompyuta za maktaba. Baadaye ikaja huduma ambayo mtu anajisajili, anachagua miswada anayoitaka, na kupelekewa baruapepe kila mswada mmoja unapopiga hatua. Kazi ya daftari ya wiki nzima ikawa inamalizika kabla chai haijapoa: unaandika jina la mbunge, unabonyeza, na orodha yote inashuka na tarehe zake.

Basi mtu angedhani tumefika. Mimi ndio kwanza nilianza kuitilia shaka ile hesabu.

Mwaka 2014 palikuwa na kampeni ya asilimia 5. Mashirika na wafanyakazi wanaohudumia wazee na watu wenye ulemavu walidai serikali iongeze kwa kiwango hicho malipo yake, ambayo ndiyo hasa hutoa mishahara yetu. Nilikwenda Capitol, nikapata kiti nyuma ya chumba cha kamati. Mashahidi waliitwa mmoja mmoja. Mama mmoja alieleza jinsi mwanawe alivyobadilishiwa wahudumu mfululizo, maana anayezoea kazi huhamia dukani kunakolipa zaidi. Mwenyekiti aliwashukuru wote, kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, akasema mswada unawekwa kando, huenda ukajumuishwa baadaye. Nyundo ikagonga. Dada aliyeketi kando yangu alinigeukia na kuniuliza kama tumeshindwa.

Hatukuwa tumeshindwa. Kuwekwa kando kwa namna ile ni desturi ya Minnesota: maneno ya mswada mdogo huchotwa na kupandikizwa katika mswada mmoja mkubwa, omnibasi kama wanavyouita, na ule mdogo huachwa kamatini mpaka kikao kiishe. Asilimia 5 yetu ilipita Mei ileile ndani ya HF 3172, mswada wa bajeti ya ziada, tena na sharti kwamba sehemu kubwa ya nyongeza iwafikie wafanyakazi. Jina lililotangulia juu ya HF 3172 lilikuwa la mbunge mwingine. Kwa hiyo ukilitazama jina la aliyebeba mswada wetu tangu mwanzo, kompyuta inakuonyesha mswada uliokwama. Kwenye karatasi yangu ya mshahara haukukwama hata kidogo.

Kuna pia njia nyingine ya mswada kupotea huku ukifaulu. Mara nyingi mswada wa Baraza una pacha wake Seneti. Yule wa Seneti akitangulia kupita na kuvuka kuja Barazani, huchukua nafasi ya mwenzake, na wa Baraza huahirishwa bila tarehe. Kwa mwenye kuhesabu, mbunge huyo hana sheria. Kwa gavana anayetia saini, anayo.

Ndipo nikaacha kufuata nambari, nikaanza kufuata maneno. Miswada ya Minnesota huchapwa kila mstari ukiwa na nambari yake, ukurasa kwanza na mstari baadaye, hivi kwamba 12.7 ni ukurasa wa 12, mstari wa 7. Maneno mapya hupigiwa mstari chini. Yanayoondolewa hukatwa katikati. Sasa nachukua mswada mdogo wa mbunge wetu, nachagua kifungu kisichoweza kufanana na kingine, kwa mfano pale unapogusa sura ya 245D, ile inayotawala nyumba zetu za huduma, halafu nakisaka katika kila omnibasi inayotoka kamatini. Nikikipata, naandika ukurasa na mstari. Wakati mwingine nakikuta kimenyofolewa mkia: kiasi cha fedha kimepungua, au tarehe ya kuanza imesogezwa mbele. Ni kazi ya kuumiza macho, na hakuna baruapepe inayonifanyia.

Ipo miswada inayobaki na jina lake hadi mwisho, na huo ni uamuzi wa kisiasa. Leseni za udereva ni mfano ninaoupenda. Mwaka 2003, enzi ya Gavana Tim Pawlenty, wasio na vibali vya ukaazi walifungiwa mlango wa leseni kwa kanuni ya utawala, wala si kwa mswada, kwa hiyo hakuna orodha ya mbunge yeyote iliyolionyesha jambo hilo. Kurudisha haki hiyo ilichukua miaka 20 ya miswada iliyowasilishwa na kufa. Kisha mwaka 2023 chama cha DFL, ndio Wademokrati wa Minnesota, kilishika mabaraza yote mawili, Seneti kwa kura 34 dhidi ya 33, na mswada wa leseni ukapewa nambari ya mwanzoni, HF 4, ili kila mtu ajue ni wa kipaumbele. Aisha Gomez aliubeba Barazani, Zaynab Mohamed katika Seneti, na Gavana Tim Walz akautia saini tarehe 7 Machi. Huo haukuhitaji kusakwa popote.

Mwaka uliofuata ulikuwa kinyume chake. Usiku wa mwisho wa kikao cha 2024, dakika chache kabla ya saa sita, omnibasi ya zaidi ya kurasa 1,400, HF 5247, ilipitishwa wapinzani wakipiga kelele. Ndani yake mlikuwa na kodi, afya, uchukuzi, hata bunduki. Katiba ya Minnesota inasema sheria isibebe zaidi ya jambo moja, na mwaka 2025 jaji wa Ramsey County alikitupa kifungu chake kimoja kilichohusu vifaa vya bunduki. Mimi nilikuwa na sehemu zangu za kutafuta humo, na sikuzimaliza usiku ule wala wiki ile. Katika kipindi hicho cha 2023 na 2024 Baraza peke yake lilitoa nambari zaidi ya 5,000. Sheria zilizotoka, za mabaraza yote mawili, hazikufika 150.

Novemba 2024 Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuwa mbunge wa hapa kwetu Brooklyn Park. Simu zilijaa pongezi kutoka nyumbani, na kikao kilipoanza yakaja maswali. Wakenya wamezoeshwa na Mzalendo, shirika linalochapisha nani amesema mara ngapi bungeni na nani hakufungua kinywa, kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: dada yetu ameleta miswada mingapi?

Uchaguzi huo uliligawa Baraza nusu kwa nusu kati ya DFL na Republican, 67 kwa 67, na mswada unahitaji kura 68 kupita. Hakuna wa chama kimoja ambao ungeweza kutoka humo kwa nguvu zake wenyewe. Nilipeleka kwenye ukumbi wa WhatsApp wa chama chetu mchoro wa orodha yangu, na upande ambao Mwalimu hakuutaka ndio niliouzungushia duara: ule wa kulia, wa kuunga mkono. Mwaka ule, jina moja la Mrepublican chini ya mswada lilikuwa na maana zaidi kuliko miswada kumi ya peke yako.

Mjomba mmoja, kutoka Nyamira, aliusoma mchoro wote, akajibu: "Asante, lakini hujasema ni mingapi."

Nikamwandikia kwamba kipindi cha bunge ni cha miaka miwili, Mjomba, na iliyowasilishwa 2025 ina uhai hadi Mei 2026. Anipigie wakati huo, nami nitakuwa na kurasa na mistari.