Usile Umefunga Mlango

Kalemie, Kataki

Kwako binti wa kaka yangu,

Salamu zako zilitufikia kwa simu ya mumeo, na sote hapa tu wazima. Baba yako bado anabishana na daktari juu ya chumvi. Jiko la chini lilichukuliwa na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024, tumejenga jingine huku juu. Hayo yanatosha, maana sikushika kalamu ili nikupe habari za jiko.

Nimeandika kwa ajili ya neno lililoshuka hapa na treni. Mama mmoja muuza ndagala mwenzangu, aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto, alikuwa huko Lubumbashi, akaona si vizuri arudi bila kukujulia hali. Alifika kwako saa sita na nusu mchana. Anasema alisikia sauti za watoto na vyombo, akabisha hodi, kukawa kimya. Kisha akasikia kitu kinaburutwa sakafuni, na mlango wa ndani ukafungwa. Ulipomfungulia, sebule ilikuwa imejaa harufu ya mikeke wa kukaanga, na mwanao wa mwisho alikuwa anapangusa mafuta mdomoni kwa mkono wa shati. Ukampa soda. Mkaongea habari za nyumbani, akaaga, akaenda kununua mkate njiani. Hakunisimulia kwa ubaya. Alisimulia anacheka, na kicheko chenyewe ndicho kilichoniudhi.

Inawezekana si hivyo. Mtu aliyetoka safari ana njaa, na mwenye njaa husikia vyombo hata pasipo na vyombo. Lakini huyu mama simjui kwa uongo. Na wewe pia nakujua.

Wewe umekulia kwenye sinia. Bibi yako hakuwa na mali, hata mwembe tuliokaa chini yake haukuwa wetu, lakini bukari wake haukuliwa ndani hata siku moja, isipokuwa mvua inanyesha. Alikuwa anauweka pale ambapo kila anayeshuka ziwani anaona mvuke. Mtu akipita anaitwa, “Karibu tule.” Anajibu, “Asante, nimeshiba,” na kila mmoja anajua hajashiba. Akiitwa mara ya pili ananawa. Aliyekuita mara moja tu alikuwa anakusalimu, na wewe uliyekaa kwa mwito wa kwanza ulikuwa hujalelewa. Hayo hatukufundishwa na shule yoyote.

Na chakula chenyewe kilikuwa nini? Bukari wa muhogo na ndagala, karibu kila siku ya Mungu. Siku za mwezi mpevu wavuvi hawatoki, kwa sababu ndagala hufuata taa gizani na mbalamwezi inaua taa. Basi siku hizo ilikuwa sombe, lengalenga au matembele. Nakumbuka ulikuwa unakaa karibu nami nikiwatengeneza ndagala wakavu: kwanza unawachagua mchanga, maana wa kwetu huanikwa ufukweni, halafu unawakaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka waanze kulia na kunukia, ndipo unawaosha kwa maji ya uvuguvugu. Mawese, kitunguu, nyanya, pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Wanaowaosha kabla ya kuwakaanga wanapata uji wa samaki. Mke wa kaka yangu, yaani mama yako, aliwaosha kwanza hadi alipozaa mtoto wa tatu, na baba yako akawa anakuja kula kwangu huku anasema amekuja kuniona. Hili mama yako analijua, unaweza kumsomea.

Kwa kuwa tumefika kwa baba yako: siku tulipomaliza msiba wa babu yako aliletwa kuhe mkubwa kutoka ziwani, na kichwa akapewa baba yako kwa sababu ni mwanamume. Mzee aliuguzwa na nani? Nani alimlisha uji kwa kijiko? Sikusema neno. Nilikula mkia.

Sasa narudi kwenye mlango wako. Kuna jambo ambalo sikupata kukusimulia, kwa sababu lilipotokea ulikuwa hujazaliwa, na baadaye watu walichoka kuongea habari za vita. Agosti 1998 vita vilianza tena, mji huu ukaingia mikononi mwa waasi wa RCD, na reli ya kwenda Kabalo ikakatika. Wewe unaona treni ni kitu cha kusafiria. Kwetu treni ilikuwa tumbo la mji. Mawese na mahindi ya upande wa Nyunzu na Kongolo hayakuja tena, na samaki wetu hawakuwa na pa kwenda. Chumvi ilivuka kutoka Kigoma kwa mitumbwi, tukawa tunainunua kwa kijiko. Kuna majuma ambayo hata taa hazikuruhusiwa ziwani usiku, kwa hiyo ndagala hakuna. Watu wakageukia kilichobaki ardhini, yaani muhogo, na sana sana ule mchungu, maana mwizi na panya huukwepa.

Jirani yetu wa kushoto mume wake alikuwa amekwenda Kongolo kutafuta mawese, njia ikafungwa nyuma yake. Mama huyo akabaki na watoto watatu na shamba la muhogo mchungu. Ghafla tukaona mama yule hakai tena nje jioni. Jua likizama anaingiza watoto, anatia komeo. Moshi tunauona juu ya paa, sauti hatusikii. Basi sisi, kwa midomo yetu, tukasema anaficha chakula. Kila jioni hadithi ilikuwa hiyo: ana unga, ana samaki, ana ndugu mwanajeshi anayemletea. Bibi yako peke yake hakucheka. Alisema, “Mwenye kuficha chakula hunenepa. Huyu mbona anakonda?”

Asubuhi moja binti yake mkubwa, msichana wa miaka kumi hivi, aliamka hawezi kusimama. Hakuwa na homa wala hakuanguka popote. Alikuwa amelala mzima. Miguu ilikakamaa, na tulipomwinua akasimama kwa vidole, magoti yanagongana. Kila mtu akataja mchawi wake. Muuguzi mzee ndiye aliyeuliza, “Mnakula nini?” Mama yule akainamisha kichwa.

Walikuwa wanakula bukari wa muhogo na maji ya chumvi, usiku baada ya usiku, kwa majuma mengi. Na muhogo wenyewe ulilowekwa usiku mmoja tu, kwa sababu watoto walikuwa wanalia na mtoni wezi walikuwa wanaiba mihogo iliyolowekwa. Wewe unajua kazi ya muhogo mchungu: siku tatu, siku nne ndani ya maji mpaka ulainike wenyewe na kutoa ile harufu, ndipo umenywe, ukaushwe, utwangwe. Ile sumu yake inatoka kwa kulowekwa. Ukiifupisha kazi, inabaki ndani ya unga. Tena mwili una njia yake ya kuiondoa, lakini njia hiyo inataka samaki, nyama au maharage. Mla muhogo mbaya pasipo mboga ya maana ndiye anayepigwa. Muuguzi alituambia ugonjwa huo unaitwa konzo, kwamba unajulikana sana upande wa Kwango na Bandundu, kwamba huja wakati wa vita na ukame, na kwamba miguu ikishashikwa hairudi ilivyokuwa. Haikurudi. Binti yule sasa ni mama mzima, ni fundi cherehani, anatembea kwa fimbo. Wewe mwenyewe sare yako ya kwanza ya shule alikushonea yeye.

Nimeliwaza jambo hilo miaka yote hii. Sisi kwenye sinia letu tulikuwa na njaa ile ile na muhogo ule ule. Lakini kwenye sinia kulikuwa na wazee. Tonge likiwa chungu mmoja anatema na kusema, “Unga huu haujakaa majini, urudisheni.” Mmoja anakuja na kiganja cha ndagala wa zamani, mwingine analeta maharage ya kukopa, vinatupwa kwenye sufuria moja. Nyuma ya komeo hapakuwa na wa kutema tonge. Watoto walikula walichopewa.

Mama yule tulimhesabu mchoyo bure. Alifunga mlango kwa aibu. Aliona haya watu waone watoto wake wanachovya bukari kwenye maji ya chumvi, yeye ambaye mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Bibi yako alipojua, alikwenda jioni ile ile, hakuhubiri, akaibeba sufuria ya jirani ikiwa bado inachemka, akaja kuimimina kwenye ya kwetu, na watoto wakafuata sufuria yao.

Ndiyo maana nakuuliza, na nataka jibu la kweli: ulifunga kwa uchoyo au kwa aibu? Unga wa mahindi huko najua mnautegemea kutoka Zambia, na Zambia ikizuia unga wake kutoka, bei inaruka kwa siku moja. Mshahara wa mumeo hauruki. Kama chakula kilikuwa vipande vitatu vya samaki kwa watu watano, sema. Yule mama wa ndagala angekula mchuzi na kushukuru. Mgeni wa kwetu hahesabu vipande. Anahesabu kama aliitwa mara ya pili.

Kama ni uchoyo, basi nakuuliza la pili: mikeke hao walitoka wapi? Nasikia huko mnakula sana Thomson, yule samaki wa barafu. Sina ugomvi naye, amelisha watu wengi. Lakini mikeke hana ziwa Lubumbashi. Alibebwa na mmoja wetu, kwenye treni inayokuja inapotaka, amelala naye juu ya magunia, amelipa kila aliyenyoosha mkono njiani. Umemfungia mlango mtu wa mikono ile ile iliyokuletea mboga.

Wala usiniambie mambo yamebadilika. Najua yamebadilika. Samaki wamepungua ziwani, nyavu zimekuwa na matundu ya chandarua. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, wauza samaki wenzangu wakalia, mimi nikasema ni haki, samaki naye apewe nafasi ya kuzaa. Ndagala leo ni ghali hata kwetu tunaomwona anatoka majini. Kupokea mgeni ni gharama. Ilikuwa gharama hata kwa bibi yako.

Mengine ni mafupi. Punguza zile kube za mchuzi, watoto wako watasahau ladha ya samaki. Mtoto wa kiume naye ashike mchi atwange sombe. Mumeo akichelewa mwekee chake pembeni, lakini usiwazuie watoto na njaa kwa kumngoja. Televisheni izimwe watu wakila. Usimpe mtu chakula kilicholala huku ukimwambia ni cha leo. Na mama mkwe wako apewe kichwa cha samaki, hata kama humpendi.

Yule mama anapanda treni tena. Nimempa ndagala wako, wa kiangazi, waliokauka vizuri, nimewachagua mchanga mwenyewe, pamoja na chupa ya mawese. Hatakuja jioni, nimemwagiza aje saa ya chakula. Mnawishe mikono, mketishe na watoto, muite mara ya pili. Halafu uniandikie kwa mkono wako wewe, usinitumie salamu kwa simu ya mumeo.

Mimi shangazi yako